Spika ya Kushoto ya Mjomba Lauchie

Margaree, 4 Machi

Mpwa wangu Ishbel,

Huku tupo. Theluji imefika kwenye vioo vya madirisha na kuku wawili wamegoma kutaga mpaka hali ibadilike. Mwambie mama yako jiko aliloniachia alipohamia kwako Ottawa bado linatoa moshi, kwa hiyo aache kujisifu kwamba alinifadhili. Parokia imepata padri mpya, kijana mdogo, mahubiri yake dakika saba. Watu wameanza kurudi kanisani.

Sasa shauri lenyewe. Ulipokuja Krismasi uliichukua kompyuta yangu ya mpakato, ukafuta mfumo wake wa zamani, ukaiwekea huo wa kwenu wa Linux, ukaniahidi itakwenda mbio. Inakwenda mbio kweli. Lakini ni bubu. Haitoi hata mlio wa panya. Ilikuwa inaongea kabla hujaigusa, na mimi sitaji mtu.

Naihitaji kwa jambo zito. Unamjua Jessie Dougald, amenipigia piano ukumbini kila Jumamosi kwa miaka thelathini na nne. Wiki tatu zilizopita, watu wakiwa wamesimama tayari kucheza, aliniambia fidla yangu inapanda juu ya noti. Mimi. Nataka nijirekodi, nimwekee asikilize, aone haya. Akiwa amekosa yeye, ataniomba radhi. Nikiwa nimekosa mimi, naitundika fidla ukutani na ukumbi utafute mwingine. Tangu siku hiyo anapiga piano kwa kunong'ona, ni kususa tu, na bila Jessie hapa hakuna dansi, wala Jumamosi, wala lolote la kumfanya mtu anyoe ndevu.

Itengeneze.

Mjombako aliyeonewa,
Lauchie


Ottawa, 15 Machi

Mjomba Lauchie,

Mama anasema jiko halina kosa, ni wewe huzibui bomba. Paka wetu amezaa watoto wanne ndani ya droo ya soksi zangu. Mimi mzima, kazi za ofisi ni zile zile, na jioni nashughulika na viendeshi vya sauti, programu za kuifanya kompyuta isikike, kazi ambayo hakuna anayenilipa wala kunishukuru.

Ububu wa kompyuta yako nakubali ni wangu, lakini nisikilize kwanza. Ndani ya mfumo kuna kiini chake, ndicho kinachoviamuru vifaa vyote. Hicho kiini ni mpishi hodari aliyeingizwa kwenye jiko la watu akiwa amefungwa kitambaa machoni. Kupika anajua. Hajui chumvi iko wapi. Vifaa vingine ukivichomeka hujitaja vyenyewe, lakini vile vidubwasha vya sauti vilivyogandishwa ndani ya kompyuta havisemi kitu. Lazima mtu aandike karatasi ya maelezo: kikuza sauti kimoja kiko hapa, namba yake hii, kinaamshwa na waya ule, kimefungwa kwenye spika ya kulia, kingine kiko kule. Kompyuta yako ni ya kiwanda kidogo kilichokwisha kufungwa, na hakuna aliyewahi kuiandikia karatasi hiyo. Nataka niiandike mimi.

Sheria yetu ni moja tu: unaandika kilichopo, si unachotaka kiwepo.

Kwa hiyo fungua mfuniko wa chini (parafujo tisa, ziweke kwenye kikombe, si mfukoni), kisha unieleze unachokiona.

Ishbel wako

N.B. Jessie si mtu wa kususa. Umemkosea nini?


Margaree, 28 Machi

Ishbel,

Parafujo zimebaki nane. Sitaki maswali.

Nimekuchorea kwa penseli, karatasi ya pili. Vile viwili vyeusi kama zabibu kavu vina maandishi madogo sana, nimeyasoma kwa miwani ya kusomea juu ya miwani ya kutembelea. Cha kulia kimeandikwa kama nilivyonakili. Cha kushoto vilevile. Kutoka kwa kila kimoja nyaya mbili zinakwenda kwenye kitu cha duara mithili ya kifuniko cha chupa. Nimepuliza vumbi, akatoka buibui mzima wa afya.

Jirani amevunja mguu akishuka kwenye paa, alikopanda kumwonyesha mkewe kwamba hakuna utelezi. Jessie amenipa sufuria lake kubwa la kuchemshia kambakoche. Nilimuuliza la nini, akasema halihitaji tena. Nimelipokea kwa moyo mweupe, ingawa piano bado inanong'ona. Jumamosi nililazimika kupiga fidla kwa nguvu mpaka uzi ukakatika ili angalau mmoja wetu asikike.

Lauchie


Ottawa, 17 Aprili

Mjomba,

Keti kwanza. Kiraka changu kimepokelewa.

Kiraka ndicho tunachokiita kipande cha maandishi unachokituma kwa barua pepe, kila mtu duniani akisoma, ili kishonwe kwenye kiini. Mlinzi wa mlango wa sauti anaitwa Radovan, yuko Brno, hajawahi kumsifu mtu. Ukimwandikia mistari thelathini, anakujibu chini ya kila mstari, mmoja mmoja, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mara ya kwanza alinirudishia. Mara ya pili akarudisha. Mara ya tatu aliandika chini ya mchoro wako, "Huyu ameona kweli," na mara ya nne akanyamaza, na Radovan akinyamaza maana yake amekubali. Miaka mitatu nimekuwa nikituma vitu kwenye orodha ile ya barua pepe na hiki ndicho cha kwanza chenye jina langu.

Nimeweka na lako. Mwisho wa kiraka huandikwa aliyekitunga, na chini yake, "Aliyejaribu: Lauchlin Beaton." Maneno hayo hayafutiki, Mjomba. Historia ya kiini inatunzwa yote, tangu siku ya kwanza.

Sasa fuata maagizo ya karatasi ya pili uone kama inaongea. Mama anauliza kama Jessie amekupa kingine zaidi ya sufuria. Anasema mtu hagawi sufuria bure.

Ishbel


Margaree, 29 Aprili

(Ishbel, nimeipenda desturi ya huyo Radovan. Nimechukua mkasi, nimeikata barua yako, nimeibandika kwa gundi na nakujibu chini ya kila kipande, kama mstaarabu.)

"Keti kwanza."

Nilikuwa nimeketi.

"Maneno hayo hayafutiki, Mjomba."

Hili nimelisoma kwa sauti kwenye duka la ushirika, foleni nzima ikisikia. Mwenye duka anasema sasa mimi nimo ndani ya kompyuta za watu mpaka Japani. Nimemwambia ndiyo, na kwamba mkate wake ni wa juzi.

"uone kama inaongea."

Imeongea. Nimejirekodi nikipiga na nimejisikiliza. Lakini huyu mtoto wako amezaliwa na upungufu: sauti inatoka kulia tu. Kushoto kimya kabisa, nimeweka sikio pale, ni kama kusikiliza ubao. Siwezi kumwekea Jessie ushahidi nusu. Huenda nusu inayokosekana ndiyo yenye noti nzuri.

"Mama anauliza kama Jessie amekupa kingine"

Amenipa maua ya dirishani matatu, saa ya ukutani na kitabu cha mapishi. Ni mkarimu siku hizi, sijui imekuwaje. Ila mazungumzo hakuna. Zamani kati ya wimbo na wimbo alikuwa haishi kupiga domo pale kwenye piano. Sasa anaketi tu, kimya, ananitazama, halafu anageukia piano yake. Nikimaliza kukaza nyuzi namkuta ana uso wa mtu aliyenyimwa kitu.

(Gundi imeisha.)

Lauchie, Aliyejaribu


Ottawa, 10 Mei

Mjomba Aliyejaribu,

Ulipobandika barua yangu ulikata pia salamu za Mama, naye kakasirika. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Kuhusu kushoto. Mambo mawili yanawezekana. Ama karatasi yangu ya maelezo imekosea waya mmoja, ama kiwanda kilibana matumizi kikaweka pambo tu mahali pa spika ya kushoto. Viwanda vidogo hufanya hivyo. Ili nijue, fanya jaribio hili rahisi: chomeka hedifoni, sikiliza. Kisha zigeuze, ya kushoto uivae kulia na ya kulia uivae kushoto, usikilize tena. Niandikie kila ulichosikia, neno kwa neno, usiongeze chumvi.

Fanya haraka. Radovan anafunga mlango wa viraka tarehe 5 Juni, na baada ya hapo mpaka vuli. Nataka kurekebisha kosa langu kabla mtu hajaliona.

Ishbel


Ottawa, 6 Juni

Mjomba,

Wiki nne hujajibu. Mama alikupigia simu mara mbili ukamwambia mambo ya ufundi ni ya kuandikwa, si ya kupayukwa kwenye simu, na kwamba barua umeshaituma. Haijafika. Mara ya pili ulimwambia kushoto kumekufa kama msumari, na kwamba jina lako liwekwe kwa herufi zinazosomeka.

Basi nimeliamini neno lako. Juzi nimetuma kiraka cha pili. Kinakiambia kiini kwamba kompyuta ya aina hii haina spika ya kushoto, kwa hiyo sauti yote ipelekwe kulia. Radovan aliuliza kama kuna aliyehakikisha. Niliandika kwamba aliyejaribu ni mwanamuziki kwa miaka hamsini na mbili, mwenye sikio la kuaminika. Amenyamaza.

Jana usiku sikulala vizuri na sitaki kusema kwa nini. Labda ni paka.

Ishbel


Margaree, 18 Mei

Ishbel,

Samahani kwa mwandiko, natumia goti kama meza. Nimefanya jaribio lako nikiwa nangoja zamu yangu kwa kinyozi, watu watatu wakishuhudia.

Hedifoni zikiwa sawa: kulia nasikia, kushoto kimya. Nikazigeuza kama ulivyosema. Kulia nasikia, kushoto kimya. Nikazigeuza tena kwa hakika: kulia nasikia, kushoto kimya. Kinyozi naye akajaribu, akasema anasikia pande zote, lakini yule anasikia hata yasiyosemwa.

Kwa hiyo umeona mwenyewe. Upande wa kushoto ni mbovu vyovyote utakavyouweka. Andika hivyo.

Jessie ameacha kuja kunywa chai.

Lauchie

N.B. 20 Juni. Nimeikuta barua hii ndani ya kasha la fidla, chini ya kitambaa cha kufutia. Naituma hivyo hivyo. Ukweli hauchachi.


Ottawa, 1 Julai

Mjomba wangu,

Leo sina habari za paka.

Kiraka cha pili kilipowafikia watu, barua zilianza kumiminika. Muuguzi wa Tampere anasema spika yake ya kushoto ilikuwa nzima hadi Jumanne. Mwanafunzi wa Recife vivyo hivyo. Mpaka jana walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja ana spika mbili zilizokuwa zinaimba vizuri chini ya kiraka changu cha kwanza, mpaka nilipokiambia kiini kwamba moja haipo. Kwetu hakuna dhambi kubwa kuliko kuvunja kilichokuwa kinafanya kazi. Leo asubuhi Radovan ameniandikia mstari mmoja: "Nani alihakikisha?"

Na asubuhi hiyo hiyo ikafika barua yako ya kwa kinyozi.

Mjomba, ukigeuza hedifoni, upande mbovu wa hedifoni unahamia sikio la pili. Kwako haikuhama. Kilichobaki mahali pake ni kichwa chako. Hujambo, kompyuta yako haijambo, ila sikio lako la kushoto halisikii.

Nami nina hatia kubwa kuliko yako, maana nilijua. Krismasi, kila nilipokusemesha nimekaa kushoto kwako mezani, ulikula tu. Niliona unavyogeuza shingo. Nilitaka kiraka changu kipite, nikajifanya sikuona, nikaandika "sikio la kuaminika".

Nitairudisha spika leo leo. Lakini Radovan hapokei kiraka kisichosema sababu. Naomba ruhusa niandike ukweli. Na nijibu hili moja: pale ukumbini, piano iko upande gani kwako?

Ishbel


Margaree, 9 Julai

Ishbel,

Mvua imenyesha vya kutosha. Matunda madogo ya buluu ya porini yatakuwa mengi mwaka huu.

Masikio yangu yote mawili ni mazima na yako mahali yalipokuwa siku zote. Sitaki kuandikwa kiziwi kwenye historia isiyofutika inayosomwa mpaka Japani, baada ya mimi kuisomea foleni nzima ya ushirika. Tafuta sababu nyingine. Sema umeme ulikatika.

Piano iko kushoto, ilipo tangu enzi za babu yako. Kwani inahusu nini?

L. Beaton


Ottawa, 22 Julai

Mjomba,

Nimekusikia. Jina lako sitaligusa bila idhini yako.

Nimetuma kiraka cha kurudisha spika, nikaandika, "Kosa ni langu, samahani." Radovan akajibu chini yake, "Maelezo hayaelezi. Kwa nini ulikosea? Bila hilo mwingine atakosea vilevile." Ana haki. Nimemwambia sababu ninayo ila si yangu kuitoa. Basi kiraka kimekaa mlangoni, watu kumi na tisa sasa hawana spika ya kushoto, na nadhani sitaaminiwa tena pale kwa muda mrefu. Ni uchungu, siwezi kukuficha. Lakini mjomba ninaye mmoja.

Mama anasema sikio la kufa halisikii dawa, na akacheka mwenyewe mpaka chai ikamwagika. Kisha akapangusa meza, akasema nikuulize kama Jessie amefunga mizigo. Sikumwelewa. Amekataa kunieleza.

Ishbel


Margaree, 14 Agosti

Mpwa wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Kuku wanataga tena. Basi, hayo ndiyo ya nyumbani.

Jumamosi ya juzi, kabla watu hawajaingia ukumbini, nilichukua kiti changu nikakihamishia upande wa pili wa piano. Jessie aliniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia apige tu.

Ishbel, yule mwanamke hanong'oni. Anapiga mpaka vikombe vya chai vinatembea kwenye trei. Amekuwa akipiga hivyo siku zote, ananishika mkono kila ninapoteleza, na mimi nilidhani kasusa. Halafu nikaisikia na fidla yangu. Inapanda juu ya noti. Sana.

Tulipomaliza seti ya kwanza nilimwambia kuhusu sikio. Sikumwangalia, nilikuwa napaka nta kwenye uta. Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Labda mwaka. Labda miwili."

"Kwa hiyo Aprili hukunisikia."

"Aprili ulisema nini?"

"Na Juni?"

"Jessie, ulisema nini?"

Akasema watu wanangoja wimbo, na alipomaliza wa mwisho alifunga piano akaenda zake. Nimemuuliza mara mbili tangu hapo. Anasema maneno yaliyopita yamepita.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa masikio Antigonish. Akanifungia kwenye kisanduku akanipigia filimbi, akaniuliza kazi yangu. Nilipomjibu alicheka. Anasema fidla hukaa chini ya sikio la kushoto, na wapigaji wengi huliua lile kwanza, polepole, kwa mkono wao wenyewe. Nitapewa kidude cha kuvaa.

Kisha nikapita maktaba, yule dada wa mezani akanifungulia barua pepe, nikawaandikia watu wako. Nakala hii hapa:

"Mimi ni Lauchlin Beaton, ndiye aliyejaribu. Spika ya kushoto ipo. Sikio langu la kushoto ndilo halifanyi kazi, nami nilikataa kulikubali, nikailaumu kompyuta, mpiga piano na hali ya hewa. Ishbel aliliamini sikio la mjomba wake. Si kosa la kumfukuzia mtu. Rudisheni spika za watu. Na ukitaka kujua kama kitu kinasikika, muulize na mtu wa pili."

Yule dada alisoma nikiandika, akaniletea biskuti.

Fidla bado sijaitundika. Nangoja kuona.

Lauchie


Ottawa, 25 Agosti

Mjomba,

Niliisoma barua yako kwenye orodha nikiwa ofisini, nikajifungia chooni nikalia, halafu nikacheka, halafu mtu akagonga.

Radovan alikujibu chini ya kila mstari, kama kawaida yake. Chini ya "muulize na mtu wa pili" ameandika kwamba sasa ni sheria kwenye mlango wake: hakuna spika itakayotangazwa kuwa haipo kwa ushahidi wa mtu mmoja. Mwisho kabisa aliandika, "Maelezo sasa yanaeleza. Nimepokea. Baba yangu pia alipiga fidla." Watu wanasema hajawahi kuandika sentensi ya mwisho kama hiyo. Amenitumia na kazi nyingine, kompyuta tatu za kuelezea. Sijui kama ni zawadi au adhabu.

Sasa la haraka. Mama amenieleza, baada ya kumbana. Jessie alimweleza kwenye simu mwezi wa sita, kwa siri. Mama alidhani ulisikia ukanyamaza makusudi, ndiyo maana amekuwa mkali kwako. Ameniapisha nisiliandike swali lenyewe. Lakini hakuniapisha nisikuambie kwamba Jessie anaondoka tarehe 12 Septemba kwenda kuishi kwa dada yake Calgary, moja kwa moja, na tiketi ameshakata. Sufuria lile, Mjomba. Maua. Saa ya ukutani.

Usiniandikie. Nenda kwake. Ukae upande unaosikia.

Ishbel


Margaree, 13 Septemba

Ishbel,

Barua yako ilikaa posta siku kumi na nne, eti karani alikwenda harusini akafungia funguo ndani. Nimeipata juzi, tarehe 11, saa tisa alasiri.

Nilikwenda na viatu vya bustanini. Jessie alikuwa mlangoni amevaa koti, masanduku mawili yamesimama kwenye ukumbi wa nyumba, jirani mwenye mguu mbovu angempeleka jioni ile kulala Sydney, mji wa huku kwetu, karibu na uwanja wa ndege. Nyumba ilikuwa tupu kabisa, piano peke yake.

Nikamwambia nimekuja kuulizwa upya. Akasema hataniuliza. Akasema aliniuliza Aprili, baada ya wimbo wa pili, nikakaza uzi. Akaniuliza Juni, nikapangusa fidla. Akaniuliza tena Juni, siku ya mwisho ya mwezi, karibu kabisa na shavu langu, na mimi nikainuka nikaenda kuchukua chai. Alisema kila mara alilijaribu lile neno nyumbani kwanza, kwa sababu si rahisi, mtu wa miaka sitini na tisa kumuuliza mwanamume kitu kama hicho.

"Neno gani, Jessie?"

Alitazama yale masanduku.

"Nilikuuliza nibaki au niende."

Nilisimama pale na viatu vya matope. Miezi minne nilikuwa najibu swali hilo kila Jumamosi, kwa mgongo wangu. Nilimwambia abaki.

Akasema hajasikia. Nikasema tena, kwa sauti zaidi: baki. Nikaanza kumweleza kwamba fidla nitaitundika, kwamba hata kama simfai ukumbini bado namhitaji, kwamba nimemwekea saa yake ukutani na inachelewa. Akanikata. Akasema fidla sitaitundika, nitaketi upande wa pili na nitarekebishwa kila noti mpaka nife, na kwamba bado hajasikia.

"Jessie, masikio yako ni mazima."

"Ni mazima. Nimesikia zote mbili," akasema. "Lakini mimi niliuliza mara tatu."

Nikasema mara ya tatu. Ndipo akavua koti.

Mjombako,
Lauchie